Sufuria ya Waya wa Kalenga

"Kwetu Katanga suala la moshi limekwisha," alisema yule bwana mwenye tai wiki iliyopita, katika ukumbi wa hoteli ya Karavia ambako hewa ya mashine ilitugandisha magoti. "Umeme wetu unatoka kwenye maji. Shaba yetu na kobalti yetu zinasafisha magari ya dunia nzima. Majirani zetu wa kusini wanajenga laini pamoja nasi. Sisi tumekwisha kuvuka. Waliobaki ng'ambo ndio wavuke."

Watu walipiga makofi. Nawe ulipiga, nilikuona safu ya pili pamoja na wenzako mliochaguliwa kwa masomo ya Zambia, na sikukasirika. Mimi, mtu wa redio, nilipewa dakika tatu za kumjibu. Unanijua: nilizitumia zote, nikaiba mbili. Nilimwambia aamke mapema siku moja, asimame kwenye barabara ya Kasenga, awatazame wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala, mkaa wa miti, mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Wametoka nayo upande wa Kasomeno. Wamelala njiani, nyayo zimepasuka. Awaulize, wanampelekea nani? Wanatuletea sisi, watu ambao umeme wa maji unapita juu ya vichwa vyao kwenda mgodini. Shaba yake inatoka safi kwa sababu moshi wake wameuhamishia kwenye majiko yetu. Msitu wa nchi nzima umekwisha chini ya sufuria za bukari, ugali wetu, halafu anakuja mtu na tai, anatazama upande mmoja tu wa ukuta wa mgodi, anatangaza kwamba moshi umekwisha!

Watu wakapiga makofi tena, wale wale.

Nilishinda, mwanangu. Nikarudi Ruashi, mtaani kwetu, najisikia kama mtu aliyekula kitu asichokijua. Maana liko jibu zito kuliko hilo, na sikulitoa. Jibu hilo sasa liko ndani ya begi lako.

Mama yako ameweka humo sufuria. Ile kubwa ya aluminiamu, yenye kishikio kimoja kilichopinda. Tangu mchana nimeitoa mara mbili. Mara mbili ameirudisha, ameizungushia vitenge, amefunga zipu na kukalia begi. Kesho asubuhi utaibeba hadi mpakani Kasumbalesa, utavuka nayo, utaipikia huko Zambia miaka miwili ukijifunza kupanda nguzo za umeme. Siwezi kukuacha uende nayo bila kujua ni kitu gani. Na ukishajua, huenda hutataka kuibeba. Huenda hutataka kwenda. Huenda hutataka tena kuniita baba. Hayo matatu nimeyapima mchana kutwa, na bado naandika.

Habari za maji ya kuchemsha, za chandarua, za pasipoti isiyokaa mfuko wa nyuma, mama yako atakupa palepale kwenye basi, mbele za watu, kwa sauti. Mimi nina habari moja tu.

Unajua kwa nini nakuita mudogo. Wenzako shuleni walikucheka: baba gani anayemwita binti yake mdogo wake? Ulikuwa na miaka saba ulipowajibu, nikakusikia kutoka nyuma ya ukuta: "Miye njo Kalenga. Kalenga alikuwa mudogo yake. Unauliza nini tena?" Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto akichukua jina la mtu, anachukua na kiti chake. Bibi yako alikuita mwanangu mpaka siku aliyofumba macho, akakuwekea shingo ya kuku kama alivyomwekea yeye, akakugombeza kwa makosa ambayo hukuyafanya wewe, ya mtoto aliyekuwa ameruka ua miaka mingi kabla hujazaliwa. Ulisikiliza umeinamisha kichwa, ukaomba msamaha. Nilikuwa nikitoka nje.

Nilipokupa jina lile nilidhani ninamrudishia mama yangu mtoto wake. Sikujua kwamba ninajifunga: kila asubuhi, miaka ishirini na miwili, nitamwita kwa mdomo huu mtu niliyemuua kwa mdomo huu.

Umekua ukiambiwa kwamba Kalenga alikuwa fundi wa laini, akafa juu ya nguzo akiitengeneza ili mji upate umeme. Uliwasimulia hivyo waliokuhoji kwa ajili ya masomo haya. Uliniambia jioni ile kwamba mmoja wao alivua miwani akafuta macho. Sasa sikia. Kalenga alikuwa fundi wa laini, ni kweli. Alikufa juu ya nguzo, ni kweli. Lakini hakuwa anaitengeneza. Alikuwa anaifungua.

Hukuiona miaka ile, na sitaki kukupambia. Kampuni kubwa ya migodi ilikuwa imeanguka, na mji ulikuwa umezoea kuishi kwa king'ora chake. Kilikuwa kikilia asubuhi, watu wanaamka. Kikilia mchana, wanawake wanasonga bukari. Kisha kikanyamaza. Kwa miezi mingi wanaume waliendelea kuamka saa ileile, kuvaa kofia za kazi, kutembea mpaka kwenye geti lililofungwa, kusimama pale kimya, na kurudi. Hakuna aliyewaita. Niliwapita kila siku nikienda kufundisha. Hawakuzungumza hata wao kwa wao. Walikuwa kama watu wanaongoja kutajwa majina.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwalimu anayelipwa kwa unga wa wazazi, nimesoma vitabu vingi kuliko milo niliyokula. Kalenga alikuwa na ishirini na moja. Kikosi chake cha laini hakikuwa tena na gari wala mshahara. Walitembea kwa miguu chini ya waya, mifuko ya vyombo mgongoni, wakikaza kilicholegea kwa sababu hawakujua kufanya kingine. Na ile laini kubwa ilipita juu ya Ruashi, juu ya paa la mama yetu, ikivuma usiku na mchana. Tulizaliwa ndani ya mvumo huo. Hatukuusikia, kama usivyosikia damu yako.

Siku moja Kalenga alirudi na neoni, ile taa ndefu ya mrija, iliyotupwa na ofisi fulani. Ilikuwa imekufa. Akaichimbia shimo uani, akaisimamisha kama mche wa muhogo. Tulimcheka. Giza lilipoanza kuingia, taa ikawaka.

Haikuwa na waya. Haikuwa na kitu chochote. Ilisimama peke yake katika udongo, nyeupe iliyochujuka, kama ubavu wa samaki, inatetemeka kidogo. Mama akatoka na ungo wa maharage.

"Kalenga, ni nani amewasha?"

"Hakuna muntu, mama. Iko navuja tu."

"Inavuja namna gani?"

"Laini imeshiba. Ile inabakia iko namwangika mu hewa. Taa iko nakunywa."

Mama akaisogelea kutazama vizuri, na taa ikafifia. Akarudi nyuma, ikapata nguvu. Akasogea tena, ikafifia tena. "Inaogopa bantu," akasema mama, na hakuipenda. Lakini maharage yalikuwa hayajachambuliwa, na mafuta ya taa hayakuwapo. Akakaa chini, mbali kidogo, akachambua.

Baada ya wiki chache kila ua chini ya laini ulikuwa na neoni yake. Jirani hawakuzungumza juu yake mbele ya wageni. Ukisimama penye mwinuko jioni uliona mstari mrefu wa vijiti vyeupe vimesimama ardhini, kutoka nguzo hadi nguzo, na ukiona kimoja kinafifia ujue pale pamepita mtu. Mtu mwenyewe humwoni. Unaona giza lake tu likihama kutoka taa hadi taa.

Mtu mwingine angeona maajabu. Mimi niliona tusi. Umeme wa nchi nzima unapita juu ya mama yangu kwenda kuyeyusha shaba ya watu wengine, na yeye anachambua maharage kwa mvujo! Nikakaa nikaandika karatasi. Niliichapa kwenye mashine ya wino ya shule, vidole vikawa vyeusi wiki nzima. Bado naikumbuka yote, nikupe moyo wake tu: "Laini inayopita juu ya kichwa chako bila kukuwashia taa si mali ya taifa, ni kamba ya mwizi. Kila chuma chake kilinunuliwa kwa mgongo wa baba yako. Kichukue."

Niliisoma kwa sauti nje ya baa, nimesimama juu ya kreti. Watu walilia kwa furaha. Kalenga alikuwa amekaa pembeni na chupa yake.

"Yaya," akasema nilipomaliza, akiniita kaka kama siku zote, "maneno yako iko muzuri. Lakini chuma iko na uzito."

"Mudogo, unalinda nini? Tangu lini haujalipwa?"

"Siko nalinda. Niko nasema tu nguzo haijue kusoma."

"Fundi anaogopa!" mmoja akapiga kelele. Mwingine: "Muache, yeye banamulipaka na courant, umeme yao!" Kicheko kikapanda mpaka barabarani. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikamalizia, kwa maana nilikuwa na kipaji cha kumalizia:

"Basi kaa chini ya bwana yako, mudogo. Umushikie ngazi."

Alinitazama. Akamaliza chupa yake polepole, akairudisha kwenye kreti niliyokuwa nimesimama juu yake, akaondoka. Yale ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake ambayo yana maana yoyote. Baada ya hapo tuliambiana habari za unga na mvua.

Vyuma vikaanza kupungua. Vyuma vya pembe vya nguzo vilikuwa vizuri kwa kutengeneza mbabula za kupikia kwa makala, vitanda, fremu za milango. Watu walikuja na spana. Walianza wakiogopa, wakarudi hawaogopi, na karatasi yangu ilibandikwa kwenye ukuta wa kinu cha mahindi. Kalenga naye akaanza. Sikujua. Au nilijua: unga ulionekana kwa mama, na sikuuliza. Lakini yeye hakuchukua ovyo. Nguzo, wewe utafundishwa hili vizuri kuliko ninavyoweza kueleza, ina mifupa ya kubeba na mifupa ya kusaidia. Yeye aliijua. Alipanda mpaka katikati, akatoa ile ambayo nguzo ingeweza kuishi bila yake.

Wenzangu wa karatasi hawakupanda. Walichukua chini, miguuni mwa nguzo, mahali mkono unafika.

Sasa nikueleze jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko kifo chenyewe. Kikosi cha Kalenga kilikuwa na sheria moja iliyotangulia sheria zote. Kabla fundi hajaweka mguu juu ya nguzo, anaizunguka. Anapiga nyundo mguu wa kwanza, anasikiliza. Wa pili, anasikiliza. Wa tatu. Wa nne. Chuma kizima kinaitikia, kilicholegea kinajibu kwa sauti ya kikohozi. Alipokuwa mwanafunzi wa kazi alinichosha kwa kupiga kijiko kwenye miguu ya meza ya mama. Mudogo huyu hakuwahi kupanda nguzo bila kuizunguka, hata siku moja.

Siku ile hakuizunguka. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, watu wako majumbani. Nyundo juu ya chuma husikika Ruashi nzima. Fundi hupiga nyundo, kwa sababu fundi hana cha kuficha. Mwizi hapigi, na miguu waliyoilegeza wenzangu haikupata nafasi ya kukohoa; nguzo ilianguka naye. Na mimi ndiye niliyemtoa kwenye ufundi nikamweka kwenye wizi, kwa kicheko, mbele ya watu.

Nilikuwa darasani. Nimewahi kusimulia kwamba nilisikia kishindo. Uongo. Hakuna aliyesikia kishindo. Tulisikia mvumo ukikatika. Wanafunzi wote waliinua vichwa kwa pamoja, chaki ikasimama mkononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyejua kilichotokea. Tulijua tu kwamba kitu kilichokuwa kinasema tangu tuzaliwe kimefunga mdomo. Mbwa walikuwa wamesimama barabarani, hawabweki. Nilikimbia ndani ya ukimya ule na nilisikia viatu vyangu kana kwamba ni vya mtu anayenifuata.

Sitakueleza nilivyomkuta. Nitakueleza mfuko wake. Bolti alizokuwa amezifungua alizifunga vizuri ndani ya karatasi ili zisipotee, fundi mpaka mwisho. Karatasi ilikuwa yangu.

Tulimbeba juu ya mlango. Tukiwa bado njiani nilisikia misumeno nyuma yetu. Waya ulikuwa umelala kwenye mashamba ya muhogo, mrefu, unang'aa, na watu walikuwa wameshaanza kuukata. Hakuna aliyesimamisha msumeno msiba ulipopita. Siwalaumu. Niliwaambia wachukue, walichukua. Mashine ya kusukuma maji ya upande wetu ilikuwa imenyamaza pamoja na laini. Watu walichota kwenye mashimo, kuhara kukaingia, na watoto wa darasa langu wakaanza kukosekana kwenye viti. Mgodi haukuteseka sana. Ulileta majenereta ya mazuti, yaani dizeli, moshi ukapanda juu ya ukuta mweusi kama kanzu ya padri, na miti yote iliyobaki mashambani ikaanza kugeuka makala. Kwa hiyo yule bwana wa Karavia akitaka kujua moshi wa Ruashi ulianzia wapi, mwambie: baba yangu anajua siku na saa.

Kwenye matanga mama alimuuliza kila aliyeingia: "Alikuwa nafanya nini kule juu?" Watu walitazama chini. Nikasimama. Sijawahi kukosa maneno. Nikasema alikuwa anatengeneza laini, bila mshahara, kwa ajili yetu. Ua mzima ulijua. Nusu yao walikuwa na vyuma vya nguzo ile chini ya vitanda vyao. Hakuna aliyekohoa. Wakaitikia "Amina", na uongo ukaingia ardhini pamoja naye, ukaota.

Mahali laini ilipopita umecheza wewe mwenyewe. Ruashi viwanja vinauzwa mara mbili, watu wanajenga mpaka ukutani mwa mgodi, lakini ukanda ule hakuna aliyeweka hata tofali. Hakuna aliyekataza. Waya haupo, nguzo hazipo, na bado wanawake wakivuka pale na mizigo kichwani wanapunguza mwendo, wanainama kidogo. Watoto waliozaliwa juzi wanainama. Nimewauliza kwa nini. Hawajui kwamba wameinama.

Ulikuwa na miaka mitatu nilipokukuta umepiga magoti kwenye kisiki cha mguu wa nguzo, sikio juu ya chuma. "Baba, iko naita jina yangu," ukasema. Nilikueleza vizuri, kwa utulivu: chuma kimeingia chini sana, kinaleta mtikisiko wa mashine za mgodi, sayansi tupu. Ulikubali. Lakini mimi niliyekueleza sikuthubutu kuweka sikio langu pale.

Na sasa sufuria. Msimu ule Ruashi ilijaa mafundi wa kusubu masufuria. Waliyeyusha waya wa laini juu ya makala, wakamimina kwenye mchanga, na masufuria yakawa mengi kuliko unga wa kuyajaza. Babu yako, baba ya mama yako, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Mkristo wa kuomba kabla ya kufungua kila gunia, alinunua mzigo mzima na kuupeleka kwa lori Kasomeno na Kasenga. Moja aliibakiza. Tulipooana alitupatia hiyo.

Kishikio kilipovunjika nilimpelekea mzee mmoja wa kusubu. Akaigeuza, akaigonga kwa kucha, akatabasamu. "Hii niliyeyusha miye mwenyewe. Iko ya waya ya Kalenga. Ilikuwa waya muzuri." Kisha akaniangalia usoni, akakumbuka mimi ni nani, na akaanza kutafuta nyundo yake kila mahali. Ilikuwa mkononi mwake.

Ndiyo sababu kishikio ni kimoja. Niliichukua ikiwa hivyo hivyo nikarudi nayo, na sikusema neno. Uji wako wa kwanza ulipikwa humo. Kila bukari, kila sombe ya majani ya muhogo. Umewahi kuniuliza kwa nini mimi hutoka jikoni maji yakikaribia kuchemka. Najua kwamba kila sufuria huvuma kabla ya kuchemka; ni mapovu, ningeweza kukuchorea. Lakini huo mvumo naujua. Niliuishi miaka ishirini na mitano. Unaanza mbali, unajaa nyumba, halafu maji yanachemka na unakatika ghafla, na kila mara unapokatika nainua kichwa kama darasa lile.

Leo mchana nilijikaza nikamwambia mama yako. Amekuwa mkali wiki hizi. Malori ya ndugu zake yamekwama kwa ajili ya vita vya mashariki, simu hazipiti, anasikiliza redio na kufunga mizigo. Nilisimama mlangoni.

"Mama Kalenga, ile sufuria asiende nayo. Ile sufuria iko..."

"Iko ya waya ya Kalenga. Najua."

"Nani alikwambia?"

"Papa. Mbele ya ndoa. Alisema: bwana yako iko muntu wa maneno, lazima mu nyumba yake mukuwe kitu moja chenye hakisemi bongo, hakidanganye."

Nilikaa kitini. "Miaka yote hii haukunambia?"

"Nilikuwa nafikiri weye haujue," akasema, mikono ikiendelea kukunja vitenge. "Nilikuwa nakuchunga."

"Miye njo nilikuwa nakuchunga weye."

Akanitazama, akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Bazee babili banachunga sufuria. Sasa mutoto anapanda. Aende nayo."

Baada ya hapo nilitoka nikaenda kwenye ukanda. Wapimaji wa laini mpya wamepigilia vigingi vyekundu, na kimoja kimeangukia palepale penye kisiki. Neoni ya bibi yako bado imesimama uani, imejaa vumbi, hakuna aliyeing'oa. Nilipiga magoti na suruali yangu ya kazini redioni, nikaweka sikio juu ya chuma. Nilisikia mashine za mgodi. Nilikaa mpaka nikawa na hakika kwamba ni mashine. Kisha nikasema, "Mudogo, nisamehe," na sikujua nasema na nani kati yenu wawili.

Usidhani naandika ili kukuzuia, wala ili kukufundisha kunyamaza. Karatasi ile ilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonitisha: ningeisoma leo redioni ningepigiwa makofi tena. Kosa langu lilikuwa kutuma ukweli juu ya nguzo huku mimi nimesimama chini, juu ya kreti. Nilijua kila kitu kuhusu laini ile isipokuwa kinachoishikilia.

Michoro yako ya laini mpya nimeisoma, yote, hata ile ya Kiingereza kwa kamusi. Jua la kusini litatupa umeme mchana, maji yetu yatawapa wao usiku, betri kubwa kama makontena zitashika kati, na vyombo vyenye masikio vitajua mara moja nguzo ikiguswa popote kati ya hapa na mpaka. Ni kazi nzuri. Pengine ndiyo nzuri kuliko zote zitakazowahi kupita Ruashi, na naona fahari, usiku huu, mpaka kalamu inateleza. Lakini nimetafuta Ruashi ndani ya michoro ile. Ukanda wetu umeandikwa "eneo tupu". Hakuna kabine hata moja ya kuushusha umeme uingie majumbani. Laini itapita juu, itavuma, na jioni ya kwanza ile neoni ya uani itawaka peke yake. Naiogopa jioni hiyo. Maana siku hiyohiyo mwalimu mwingine, kijana, mwenye njaa na simu, atasimama juu ya kreti na kuandika karatasi yangu neno kwa neno, na itakuwa kweli tena, na mdogo wake atakuwa anamsikiliza.

Kwa hiyo beba sufuria au iache, nitakubali. Lakini barua hii wasomee wenzako ndani ya basi, kabla hamjafika Kasumbalesa, maana sasa nasema nanyi nyote mliochaguliwa. Siku mtakayoitwa kuweka sahihi kwamba laini hii iko tayari, izungukeni kwanza. Mguu wa maji upigeni nyundo. Mguu wa jua. Mguu wa mgodi. Na wa nne ni Ruashi: upigeni, msikilize. Ukikohoa, kama hakuna kabine, kama mama mmoja chini ya waya bado anangoja gunia la Kasomeno ili apike, msitie sahihi. Wakiwapa tai, kataeni. Wakiwatisha, shukeni wote kwa pamoja, mchana, mbele ya watu, mseme sababu kwa majina yenu.

Nawe, mudogo, usipande nguzo yoyote kimya kimya. Piga nyundo kwa nguvu, Ruashi nzima isikie.